Muulize Fundi: Paa la vigae linavuja, tung'oe lote?

*Shikamoo Fundi. Nyumba yetu ipo Chumbageni, Tanga. Imeezekwa vigae vyekundu vya udongo tangu kabla marehemu baba hajainunua mwaka 1978, na sasa naishi humo na mama. Kila masika dari ya chumba cha mama inalowa palepale karibu na dirisha, doa limeshakuwa la kahawia kama chai. Fundi tuliyemwita alipaka lami vigae vitatu vilivyo juu ya doa, mvua iliyofuata ikavuja vilevile. Sasa anasema vigae vimezeeka, tung'oe vyote tupige bati. Mama hataki hata kusikia. Je, ni kweli vigae vinazeeka? – Mwalimu, Tanga*

Marahaba, Mwalimu. Msalimie mama, umwambie asikubali bado.

Kigae cha udongo kilichochomwa kikaiva hakizeeki upesi hivyo. Vinavyozeeka ni vile vinavyokishika: papi (zile mbao nyembamba zinazobeba vigae), misumari, udongo unaoshika kofia (vigae vya kilele cha paa), na bati la bondeni, pale miteremko miwili ya paa inapokutana. Panda darini mchana, chomoa kigae kimoja, ukigeuze. Vingi vya hapa Tanga vina maandishi kwa chini, na neno Mangalore utalikuta mara nyingi. Kikiwa na jina la Basel Mission, jua kimetoka kwenye viwanda vya wamisionari wa Basel, Uswisi, ambao cha kwanza walikianzisha huko India mwaka 1865, kikavuka bahari kwa meli mpaka kwenu. Kisha kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama chungu kizima, kirudishe mahali pake. Kikitoa sauti iliyokufa, kina ufa hata kama macho hayauoni.

Lile doa lisikudanganye. Maji yakishapenya hayadondoki hapohapo. Yanashika ubavu wa kenchi, ile mbao kubwa inayobeba paa, yanateremka polepole mpaka yakutane na msumari au kiungo, ndipo yanaachia. Kwa hiyo mvua ikinyesha panda darini na tochi na chaki, piga magoti juu ya boriti na si juu ya siling bodi, ufuate unyevu kwenda juu. Pale mbao inapoanza kuwa kavu, tia alama. Kazi ipo hapo, na inaweza kuwa hatua nyingi kutoka dirishani kwa mama.

Mimi huanza na bonde. Masika ya 2016 niliitwa nyumba moja Raskazone, walikuwa wameshabadilisha vigae zaidi ya ishirini na bado wanatega ndoo sebuleni. Nilitia mkono bondeni nikatoa majani ya mwarobaini yaliyoshindiliana mpaka yakawa udongo mweusi, na ndani yake mifupa ya kuku iliyoletwa na kunguru, na mche wa mkuyu wenye majani manne. Chini ya takataka hiyo bati lilikuwa limeliwa na chumvi ya bahari, limetoboka kama chekeche. Maji yalikuwa yanajaa, yanapanda, yanaingia chini ya vigae vizima kabisa. Tulivitoa vigae vya pande zote mbili, tukaweka bati la aluminiamu, tukavirudisha vilevile. Siku mbili tu.

Bonde likiwa salama, tazama kofia za mgongoni. Zile hukalia udongo wa saruji, na saruji tupu hupasuka kwa jua. Mimi huchanganya ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga, na kofia nazilowesha kwanza, la sivyo zinafyonza maji ya udongo kabla haujashika.

Kuhusu lami, nasema kwa uchungu, maana naiona kila mtaa. Kigae kina vijito vyake vya kupitishia maji. Ukiviziba kwa lami, maji yanatafuta njia ya ubavuni, na kile kigae huwezi tena kukichomoa bila kukivunja. Chenye ufa dawa yake ni kukibadilisha. Inua kidogo viwili vya juu yake kwa vipande vya mbao, kichomoe, uchomeke kingine mpaka meno yake yakamate papi. Cha kubadilishia tafuta kwa wanaobomoa nyumba za zamani, lakini nenda na chako mkononi ukavilinganishe, maana viwanda vilitofautiana kidogo na vijito visipoingiliana hujafanya kitu. Atakayepanda akanyage sehemu ya chini ya kigae, pale kinapolalia mwenzake juu ya papi. Katikati ndipo panapovunjika.

Sasa hilo la bati. Mita moja ya mraba ya vigae hivi ina vigae kama 15, uzito wake kilo 40 hivi. Kenchi zenu zimetulia miaka yote kwa kukandamizwa na uzito huo. Ukiuondoa ukaweka bati jepesi bila kuzifunga kenchi upya ukutani, upepo wa kusi utakuja kulinyanyua paa. Muulize fundi wako kama hiyo kazi ameiweka kwenye hesabu yake. Na chumba cha mama saa nane mchana chini ya bati, wewe mwenyewe unajua kitakavyokuwa.

Kitu kimoja tu kinaweza kunifanya niseme ezueni: mchwa. Choma papi na kenchi kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, mbao zibadilishwe. Hata hivyo vigae vishushwe kimoja kimoja, vipangwe kwa kusimama kivulini, virudi juu ya mbao mpya zilizotiwa dawa.

*Fundi, vigae vya upande wa kivulini vimeota ukoga wa kijani. Nivioshe kwa mashine ya presha kama ya kuoshea magari? – Msomaji, Lushoto*

Hapana, ndugu yangu. Mashine ile inachuna ngozi ya kigae na kusukuma maji chini yake. Ngoja kiangazi, ukoga ukikauka usugue kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini, kisha usafishe gata. Na tawi linaloufunika upande huo likate kabla ya vuli, jua lifike.