Kuhakiki diwani ya rafiki

Ndugu, nimekuelewa: rafiki yako katoa diwani ya mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala idadi ya silabi, gazeti limekuomba uihakiki, na nusu ya mashairi hayajakuingia akilini. Kwanza mweleze mhariri kuhusu huo urafiki. Akikuruhusu, utaje ndani ya uhakiki wenyewe. Kisha soma diwani yote mara mbili, ya pili kwa sauti. Mimi huweka alama pale pumzi inapokatika: mshororo ukivunjwa katikati ya sentensi, jiulize neno lililoachwa peke yake linabeba nini. Usilipime shairi huru kwa mizani 8 kwa 8, yaani silabi nane katika kila nusu ya mshororo; halikuahidi hivyo. Nukuu mishororo michache tu. Kunakili shairi zima kunahitaji idhini ya mwenye hakimiliki. Usilolielewa liseme wazi, na uonyeshe mshororo uliokukwamisha.