Kaka anataka kumpaka mama wino wa dole gumba akiwa amelala

"Shangazi shikamoo. Mimi ni wa mwisho kati ya watoto watatu, nafanya biashara Mtwara mjini, mama yuko Kitangari, ana miaka 74, mwalimu mstaafu, baba alishafariki. Tangu mwaka jana anasahau sana, jioni anasema nipelekeni kwetu wakati yuko kwake. Kadi ya benki ilimezwa na mashine akikosea namba ya siri, ikatoka mpya na namba ninayo mimi, ndo natoa pensheni namtunza. Ana ekari 8 za mikorosho. Kaka kaja na karatasi kachapisha duka la steshenari eti mama anampa madaraka ya kila kitu mpaka kuuza shamba, mama kagoma kusaini, sasa kaka anasema tumpake wino dole gumba usiku akilala. Mjomba nae anasema shamba la ukoo asiguse mtu. Nifanyeje? Binti wa Kitangari."

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimesoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka kwa huo wino, ya pili sikucheka maana huko ni kughushi na kughushi ni jinai, na we ukishika taa tu wakati kaka'ko anapaka mko wote. Halafu jamani, mama ni mwalimu! Kashika chaki maisha yake yote, leo karatasi yake iwe na dole gumba badala ya saini? Hakimu ataliona hilo kabla hajavaa miwani.

Lakini kuna kitu kwenye barua yako umekipita mbio. Umesema mama kagoma. Mtu anayegoma kusaini karatasi ya kuuza shamba lake mi namuona ana akili kuliko aliyeileta. Nyie mmeshaanza kumgawana kama hayupo na mwenyewe amekaa hapo kibarazani anawasikia.

Sheria ya Mikataba inasema mtu ambaye akili inakuja na kuondoka anaweza kuingia makubaliano ule wakati akili iko sawa, anaelewa anachokifanya na matokeo yake. Kama jioni ndo anapotea, kazi zake zifanyike asubuhi, akishakunywa chai yake. Na kabla ya yote hospitali, wilayani kwanza, wakisema nendeni Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, nendeni, kwa sababu kusahau kwingine ni sukari, ni maambukizi ya mkojo, ni dawa anazokunywa, kunatibika. Daktari mwombe aandike alichokiona, na tarehe. Hiyo karatasi itakufaa sana.

Baada ya hapo ndo wakili, na wakili akae na mama peke yake, nyie subirini nje hata kama mna haraka ya basi. Mama akiridhia, wakili aandike hati ya uwakilishi, ile watu wanaiita pawa, ila iwe na mipaka: pensheni, matibabu, hela za korosho, basi. Kuuza shamba isiwemo. Na mi ningependa wawili kati yenu ndo watie saini pamoja, sio mmoja.

Ila usije ukadhani pawa ndo umemaliza, wengi wanapigwa hapo. Ile hati inasimama juu ya akili ya aliyeitoa, siku mama akifika pa kutoelewa kabisa na yenyewe imekwisha, huwezi kuendelea kuitembeza benki. Kuanzia hapo ni mahakama, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inairuhusu iteue mtu wa kusimamia mali za mgonjwa, na ripoti za daktari ndo zitakazosema. Kuna mtu atakwambia nendeni mkafungue mirathi mmalize mapema. Mirathi ni ya marehemu, mama yupo hai anakula ugali! Hela ya wakili ikisumbua tafuta wasaidizi wa kisheria, ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri watakuelekeza, sheria yao ipo toka 2017 na kwa asiye na uwezo hawatozi.

Sasa we na kadi. Najua unatoa kwa nia nzuri, ila namba ya siri ya mtu mwingine ni ya mtu mwingine, na siku ndugu wakikaa kikao we ndo utakuwa mwizi wa kwanza kutajwa. Mimi mwenyewe yalinikuta kwa mama yangu Lindi, nilitajiwa shilingi 180,000 mbele ya wakwe, hela yote ilikwenda kwenye nepi za watu wazima na dawa na sikuwa na risiti hata moja, nikabaki nalia kama mtoto. Nenda na mama benki asubuhi, aongee mwenyewe na wahusika wawaambie utaratibu wao. Na nunua daftari la kaunta, andika kila kilichotoka, gundisha risiti, kila mwisho wa mwezi lipige picha lirushe kwenye grupu la familia, hata wasipojibu.

Korosho nazo usizilalie. Msimu ukifunguliwa Oktoba hela ya mnada inaingia akaunti ya mkulima, kwa hiyo wezi hawana haja ya kuiba shamba. Korosho za mama zinapimwa ghalani kwa jina la mtu mwingine na umekwisha. Nenda kwa katibu wa AMCOS, chama chenu cha ushirika cha wakulima, mapema, hakikisha jina na akaunti kwenye daftari lao ni za mama, na stakabadhi zake mzitunze. Wa kangomba nao wapo, wale wanaonunua korosho kinyemela nje ya mnada, watamkuta peke yake wamwachie elfu hamsini wasubiri kubeba magunia, hapo jirani wa kuaminika anakusaidia kuliko wakili.

Shamba lenyewe, mpelekeeni mtendaji barua mkieleza hali ya mama, na nakala yenu igongwe muhuri. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, shamba la kijijini haliuzwi kimyakimya bila halmashauri ya kijiji, na wakishajua atakayeleta karatasi ya wino atakuta wanamsubiri. Mjomba usimfanye adui, kwetu kusini mjomba ana kauli yake na kaka'ko anamuogopa kuliko anavyokuogopa we. Mpelekee sukari, kaa nae mkekani, muulize taratibu: shamba mama kapewa na upande wa bibi au kalinunua na mshahara? Maana hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Na mama muulize pia. Wa hivi wanasahau chai ya saa moja iliyopita lakini kilichofanyika miaka arobaini nyuma anakutajia mpaka aliyeshika kamba ya kupimia. Chagua asubuhi moja, mpe fimbo yake, mzunguke mipaka pole pole na mjomba akiwepo, simu inarekodi, akisimama kwenye mwembe akasema hapa ndo mwisho na ng'ambo ni kwa fulani, nyamaza muache aongee, we andika.