Maswali na Majibu: Kompyuta Imeshasema, Isome

Barua nyingi safari hii ni za wenye Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, kama ilivyo Windows) waliokosa mtandao. Waliouliza ni Linux gani iliyo bora wasubiri, hilo nimelijibu vya kutosha.

Waifai haishiki. Nisaidie. (Bila jina, Malindi)

Haishiki vipi? Haioni mtandao wowote? Inauona lakini inakataa nenosiri? Au inaunganika kisha kurasa hazifunguki? Hayo ni maradhi matatu, na dawa zake hazifanani. Nimeshaomba hapa tena na tena: ukiniandikia, nipe majibu ya amri hizi, zinazoandikwa kwenye terminali: ya `lspci -nnk` (au `lsusb`, ikiwa kadi ni ya kuchomeka), ya `rfkill list`, na mistari ya mwisho ya `sudo dmesg`. Bila hayo mimi napiga ramli tu.

Nimenunua laptopu ya mtumba Mombasa, nikaweka Debian (aina ya Linux). Alama ya waifai haipo kabisa. Fundi ameshaifuta na kuiweka upya mara mbili, sasa ataka mara ya tatu. `lspci` yaonyesha 14e4:4365. (Mwalimu, Langoni)

Mwalimu, nenda kaichukue mashine yako leo hii. Kama draiva (programu inayoendesha kadi) haimo kwenye diski ya kuwekea, fundi akirudia hadi Idi haitakuwamo. Nasema kwa uchungu kwa sababu watu wanapoteza picha za harusi na kazi za shule za watoto kwa tatizo ambalo halihitaji kufuta hata faili moja. Fundi anayefuta kabla ya kusoma kompyuta imesema nini asipewe kompyuta ya mtu.

Namba uliyoniletea imemaliza nusu ya kazi. 14e4 ni Broadcom, na 4365 ni kadi ya BCM43142. Maana yake kadi ni nzima na kompyuta inaiona. Tazama mistari iliyo chini yake: ule wa `Kernel driver in use` hutaukuta, au utasoma `bcma-pci-bridge`, ambayo ni daraja tu, si draiva ya waifai. Hakuna draiva ya waifai iliyoishika, basi. Zile zilizomo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) haziiwezi kadi hii. Yataka draiva ya pembeni iitwayo `wl`. Kwenye Debian imo katika kifurushi `broadcom-sta-dkms`, fungu la non-free (programu zisizo huru), na kwenye Ubuntu, aina nyingine ya Linux, huitwa `bcmwl-kernel-source`. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, diski ya kuwekea huja na fimwea (programu za ndani ya vifaa) nyingi zisizo huru, ndiyo maana kadi nyingi za Intel hushika pale pale. Hii yako haikubahatika.

Utaishushaje na mtandao huna? Simu yako. Ichomeke kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux itaichukua simu kama kadi ya waya, bila draiva ya ziada. Andika `ip link`, utaona jina jipya, usb0 au jina linaloanza na enx. Ongeza non-free kwenye orodha ya vyanzo vya apt (programu ya Debian ya kushusha na kuweka vifurushi), fanya `sudo apt update`, halafu `sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms`. Zima masasisho mengine kwanza yasikulie bando.

Ikishaingia na bado haipandi, usikimbilie kuiondoa. Andika `mokutil --sb-state`. Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) ikiwa imewashwa, kerneli hukataa draiva ambayo saini yake haitambui. Sajili ufunguo wa MOK (ufunguo wako mwenyewe wa saini), au uizime Secure Boot kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka.

Na hili hukuniuliza, lakini lijue: draiva hiyo mtengenezaji wake hajaitoa upya tangu 2015. Wengine ndio wanaoitia viraka kila kerneli mpya inapotoka, na iko siku utasasisha mfumo uamke huna waifai. Ukipata pesa, tafuta kadi ya Intel iliyotumika uibadilishe. Kabla ya kulipa, hakikisha BIOS yako itaikubali, maana baadhi ya HP na Lenovo za zamani hukataa kadi zisizokuwa kwenye orodha yao.

Kuna video inasema nibandike amri ya `curl` inayoishia na `| sudo bash`, draiva itajiweka yenyewe. Niibandike?

Hapana. Amri hiyo hushusha maagizo ya mtu na kuyaendesha papo hapo kwa mamlaka yote ya mashine. Umempa mtu usiyemjua funguo za nyumba nzima ili akutengenezee dirisha.

Kompyuta ya mapokezi ilikuwa ikitumia waya vizuri. Siku hizi mara yashika, mara yaachia, na ikishika ni polepole. Nimeambiwa kadi imekufa. (Dada wa mapokezi, Shela)

Dada, kadi iliyokufa haishiki kabisa. Andika `ip link` upate jina la kadi, kisha `sudo ethtool` na jina hilo. Soma mistari miwili, `Speed` na `Link detected`. Ukikuta 100Mb/s mahali palipokuwa na 1000, jibu umeshalipata: kasi ya 1000 inahitaji nyuzi zote nane za waya, ile ya 100 inatosheka na nne. Kuna uzi mmoja au zaidi haugusi.

Shela mko usoni mwa bahari. Chomoa kichwa cha waya, umulike ndani ya tundu kwa tochi ya simu. Vipini vinane vinatakiwa viwe na rangi ya dhahabu. Ukiona ukoko wa kijani au unga mweupe, ni kutu ya chumvi. Zima kompyuta, chomoa umeme, sugua taratibu kwa mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti safi ya kusafishia vifaa vya elektroniki, acha ikauke kabisa. Usitie mafuta wala manukato, nimeona yote mawili. Kichwa cha waya chenyewe usihangaike kukisafisha, kata ubane kipya. Na meza ya mapokezi iondoeni dirishani. Kusi ikivuma, hewa ile ya chumvi yote yaingia kwenye matundu ya mashine.

Nikitoka Windows kuingia Linux, waifai inapotea.

Zima Fast Startup kwenye Windows. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kikweli, inalala na kadi mkononi.

Nimeunganika, `ping 1.1.1.1` yajibu, lakini kila tovuti inatoa onyo la usalama. (Mwanafunzi, Mokowe)

Mwanangu, andika `date`. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, mashine hurudi miaka mingi nyuma, na vyeti vya tovuti vyote huonekana si halali. Rekebisha tarehe, kisha nunua betri mpya, CR2032. Onyo usilipuuze kwa kubofya "endelea", hasa kwenye tovuti za benki.

Waifai ya laptopu yangu ni nzuri barazani, ikifika chumba cha ndani yakatika. Nimebadilisha kadi, bado. (Mkomani)

Kadi uliitoa bure, bwana. Nyumba za Mkomani zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, ukuta mmoja unene wake unakaribia nusu mita, na kutoka barazani hadi ndani zinasimama kuta kadhaa. Andika `iw dev wlan0 link` ukiwa barazani, kisha urudie chumbani (kadi yako huenda ina jina jingine). Angalia `signal`: karibu na -50 ni nzuri, -80 ni ya kukatika. Kama `freq` inaanza na 5, hamia masafa ya 2.4, hayo hupenya ukuta zaidi. Jaribu pia `sudo iw dev wlan0 set power_save off`, kwani baadhi ya kadi husinzia mawimbi yakiwa hafifu.

Yasipotosha, weka kirusha waifai cha pili huko ndani, kikiunganishwa na cha kwanza kwa waya. Ukuta usiutoboe. Mji huu wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na tundu la drili kwenye ukuta wa chokaa halibaki dogo: plasta humomonyoka, kisha maji ya mvua hupata njia. Pitisha waya bapa juu ya fremu ya mlango au kando ya ngazi, ukiushikilia kwa vibanio. Umalize, kisha uniandikie `signal` inasoma ngapi chumbani.