Maji ya mvua ndani ya gari: acheni silikoni kwanza

SWALI: Gari langu lina miaka 22. Mvua ikinyesha, kapeti ya mbele upande wa abiria inalowa chepechepe. Fundi amepaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele mara mbili, na mara ya pili akaziba na vile vitundu vya chini ya milango ili maji ya barabarani yasipande. Hali imezidi. Sasa anataka tung'oe kioo. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado. Na kabla hujafanya jingine lolote, zibua vitundu vya milango leo hii.

Kosa hili naliona kila msimu wa mvua na linanichosha. Watu wanadhani gari limeundwa lisiingize maji hata tone, kwa hiyo kila uwazi wanaouona wanauziba. Sivyo. Mvua inayoteremka kwenye kioo cha mlango hupita kwenye mpira wake na kuingia ndani ya mlango wenyewe, kisha hutokea chini kwa vitundu hivyo hivyo alivyoziba fundi wako. Ndivyo ilivyopangwa kiwandani. Vikizibwa, maji hujaa mlangoni, yakapanda mpaka yapate upenyo wa kuingilia mlipokaa, na bati linaanza kuoza kwa ndani. Nyuma ya kava la mlango kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa, nayo ndiyo hasa inayowakinga ninyi na maji hayo. Aliyewahi kufungua mlango kutengeneza kioo au spika huenda aliichana, au aliitupa akidhani ni takataka. Iangalieni.

Lakini kwa maelezo yako, mimi ningeanzia chini ya waipa. Pale pana mfereji unaopokea maji yote ya kioo cha mbele na kuyatoa pembeni. Miaka 22 ya majani na vumbi hugeuka udongo mle, mfereji ukafurika, na kwenye magari mengi maji yanayofurika huangukia tundu la hewa la feni ya kiyoyozi, ambalo mara nyingi liko upande huo huo wa abiria. Fungueni kava la plastiki, zoeni uchafu kwa mkono, mwageni maji taratibu muone kama yanatoka chini ya gari. Gari lenye dirisha la paa lina mipira myembamba inayoshuka ndani ya nguzo za kioo, nayo huziba. Msiipulize kwa kompresa, itachomoka ilikochomekwa na hamtaiona tena bila kushusha dari. Pitisheni uzi laini wa nailoni.

Mkishazibua na bado panalowa, hapo ndipo mtafute. Ng'oeni kapeti kabisa, kausheni bati. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie kwa mpira wa maji usio na presha, aanzie chini na kupanda pole pole, dakika kadhaa kila sehemu. Mkianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yalikoingilia. Mashine ya kuoshea yenye presha hapana. Hiyo hupenyeza maji hata kwenye mpira mzima. Panapolowa si lazima ndipo panapovuja: tone linaweza kuingilia kwenye ungio la paa, likafuata waya ndani ya nguzo, likadondokea miguuni.

Na hiyo silikoni. Ile inayonuka kama siki inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo hula bati lililo wazi. Kutu huanza chini yake bila kuonekana, huku juu pakiwa pamenyooka na kung'aa. Isitoshe, huacha utando ambao gundi halisi ya kioo haishiki juu yake, wala rangi. Siku kioo kikihitaji kweli kugandishwa upya, kazi kubwa itakuwa kuikwangua. Kioo cha mbele si pambo: huimarisha bodi, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofumuka. Anayekigandisha juu ya mabaki ya silikoni anacheza na maisha ya watu, na ninasema hivyo nikimaanisha.

Wapo pia wanaotoboa sakafu ili maji "yapate pa kutokea". Kwa nini, na sakafu tayari ina plagi za mpira? Ng'oa moja, maji yatoke, irudishe. Sponji iliyo chini ya kapeti ikaushwe nje ya gari. Ikiachwa ndani hukaa na maji kwa wiki kadhaa, na chini yake hupita nyaya na soketi ambazo zikishika kutu zitakuletea matatizo ya umeme ambayo hakuna atakayeyahusisha na mvua.

Fundi akirudia habari ya kung'oa kioo, mwambie akuonyeshe kwanza kwa macho tone linapopenya.