Hotspoti ya simu haionekani kwenye laptopu? Usikimbilie kupiga Windows upya

SWALI: Habari fundi. Nina laptopu ya siku nyingi kidogo, inatumia Windows 10. Nilipokuwa na simu yangu ya zamani, nikiwasha hotspoti laptopu iliiona papo hapo. Sasa nimebadilisha simu, na jina la hotspoti halitokei kabisa kwenye laptopu, ingawa Wi-Fi za majirani naziona zote. Simu ya rafiki yangu inaiona hotspoti hiyo na kuunganika bila shida. Nimebadilisha nenosiri, nimezima na kuwasha vyote viwili, wapi! Kuna mtu ameniambia nipige Windows upya. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, Windows iache kwanza. Maelezo yako yameshaondoa nusu ya washukiwa. Laptopu inaona Wi-Fi za majirani, maana yake kadi yake ya Wi-Fi ni nzima na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, inafanya kazi. Simu ya rafiki yako inaiona hotspoti, maana yake simu yako inarusha mawimbi kweli. Linaloelekea zaidi ni hili: simu inarusha mahali ambapo laptopu haisikilizi. Nenosiri halihusiki hata kidogo, kwa sababu huulizwa baada ya jina kuonekana.

Wi-Fi ya kawaida hutumia bendi mbili za masafa, GHz 2.4 na GHz 5. Simu nyingi za sasa zinaweza kurusha hotspoti kwa GHz 5, na baadhi huichagua hiyo zenyewe kwa kuwa ina kasi zaidi na msongamano wake ni mdogo. Laptopu nyingi za zamani, hasa zilizouzwa kwa bei ya chini, zilifungwa kadi ya GHz 2.4 peke yake. Kadi ya namna hiyo kuitafutia hotspoti ya GHz 5 ni sawa na kutafuta kituo cha FM kwenye redio ya AM. Zungusha utakavyo, hukipati. Simu yako ya zamani bila shaka ilikuwa ikirusha GHz 2.4, ndiyo maana hukuwahi kukutana na tatizo hili.

Hakikisha kabla ya kugusa kitu kingine. Kwenye laptopu bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari unaoanza na Radio types supported. Hapo huorodheshwa matoleo ya Wi-Fi ambayo kadi inayaelewa, kila moja kwa namba ya 802.11 na herufi. Ukiona 802.11a, 802.11ac au 802.11ax, kadi yako inaisikia GHz 5. Ukikuta 802.11b, 802.11g na 802.11n tu, karibu kila mara hiyo ni kadi ya GHz 2.4 peke yake. Nasema karibu, kwa sababu 802.11n inaruhusiwa kutumia bendi zote mbili, ila kadi ya n yenye GHz 5 kwa kawaida huorodhesha na 802.11a.

Dawa yake iko kwenye simu. Kwa Android, fungua mipangilio ya hotspoti, tafuta sehemu ya bendi, chagua GHz 2.4. Watengenezaji hawakubaliani pa kuiweka: kwingine iko wazi, kwingine imefichwa ndani ya mipangilio ya ziada, na kwingine utaona swichi ya kuongeza upatanifu badala ya namba za masafa. Kwa iPhone 12 na zilizofuata, ingia Personal Hotspot uwashe palipoandikwa Maximize Compatibility. Kisha ubaki kwenye ukurasa huohuo mpaka laptopu iunganike. iPhone ina tabia ya kuacha kujitangaza ukiondoka hapo na hakuna kifaa kilichounganika, na watu wengi husumbuka na laptopu kumbe simu imenyamaza. Android nazo nyingi huzima hotspoti zenyewe baada ya dakika kadhaa bila mtumiaji. Hilo unaweza kulizuia kwenye mipangilio hiyohiyo.

Zima hotspoti, iwashe tena, kisha uzime na kuwasha Wi-Fi ya laptopu ili itafute upya. Kasi itapungua kidogo kwa kuwa GHz 2.4 ndivyo ilivyo, lakini kwa kusoma, barua pepe na hata video za kawaida inatosha.

Sasa, huenda ukakuta kadi yako inaisikia GHz 5 na bado jina halionekani. Hapo pana mambo matatu ninayoyashuku, na mimi huanza na draiva. Draiva za zamani za baadhi ya kadi za Intel zina kasoro inayojulikana: mtandao ukitumia Wi-Fi 6, yaani 802.11ax, haziuonyeshi kabisa, hata kwenye bendi ambayo kadi inaisikia vizuri. Pakua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu au wa kadi yenyewe. Usiridhike Windows inapokwambia draiva bora tayari imewekwa. Mara nyingi inamaanisha tu kwamba haikuona nyingine. Kama simu ina swichi ya Wi-Fi 6 kwenye hotspoti, izime ujaribu hata kabla ya kupakua chochote.

La pili ni chaneli, yaani vipande ambavyo bendi moja imegawanywa. Kwenye GHz 2.4, kadi zilizopangwa kwa kanuni za Marekani husikiliza chaneli ya 1 hadi 11, wakati nchi nyingi nyingine zinaruhusu 12 na 13. Simu ikijichagulia 13, kadi kama hiyo haitaiona. Simu nyingi hazikupi nafasi ya kuchagua chaneli, lakini kuzima na kuwasha hotspoti mara kadhaa huenda kukaihamisha. Dalili yake ni hotspoti inayoonekana leo na kupotea kesho bila wewe kugusa chochote.

La tatu ni dogo: huenda hotspoti imewekwa iwe ya siri, isitangaze jina. Kwa kuwa simu ya rafiki yako imeliona jina, kwako halipo. Nalitaja kwa ajili ya wengine watakaosoma.

Jambo moja la kutofautisha. Jina likishaonekana halafu laptopu ikagoma kuunganika, hilo ni tatizo jingine kabisa. Hapo angalia usalama wa hotspoti: WPA3, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, huzishinda kadi nyingi za zamani, hivyo rudisha WPA2 iliyoitangulia. Na kama laptopu haioni Wi-Fi yoyote, si yako wala ya jirani, achana na simu. Angalia kwanza hali ya ndegeni na swichi ya Wi-Fi, ambayo kwenye baadhi ya laptopu iko ubavuni au kwenye vitufe vya juu vya kibodi, halafu fungua Device Manager, orodha ya vifaa vya laptopu ndani ya Windows, uone kama kadi ipo. Isipoorodheshwa hata baada ya kuzima na kuwasha laptopu, inawezekana imelegea au imekufa.

Ukiwa na kazi ya haraka, tumia waya. Chomeka simu kwa kebo ya USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kusambaza intaneti kwa USB. Windows huiona Android kama mtandao wa waya, na simu inapata chaji hapohapo. Hakikisha tu kebo inapitisha data, maana zipo za kuchaji tu. iPhone itahitaji programu ya Apple iwe imewekwa kwenye laptopu kwanza.

Ukitaka GHz 5 kwa kudumu, adapta ndogo ya USB ya Wi-Fi yenye bendi mbili inamaliza kazi bila kufungua laptopu. Soma boksi vizuri kabla ya kununua. Zile ndogo kabisa mara nyingi ni za GHz 2.4 tu, na utakuwa umenunua tatizo lilelile.

Anza na amri ile ya netsh. Ikionyesha 802.11ac na GHz 2.4 nayo ikakataa, niandikie mstari wote wa Radio types supported pamoja na jina la kadi na tarehe ya draiva, vyote vinatokea kwenye dirisha hilohilo.