Harakati za mtaani zinavyojimaliza zenyewe: kwa nyie mnaoanza hapa Tanga

Kwanza hongereni. Siku hizi hapa Tanga naona vijana na kina mama wengi wanaingia kwenye vikundi vya kudai mambo, huku ardhi, huku wavuvi, huku ushuru wa sokoni, huku kina mama waliochoka kuzungushwa na ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, na wengi wenu mmeniuliza muanzie wapi. Mimi nimekaa kwenye haya mambo muda mrefu, kuanzia vikao vya chini ya mwembe mpaka vya kwenye kumbi zenye feni, kwahiyo nawaambia nilichokiona, mchukue kinachowafaa.

Vikundi vingi nilivyoviona vikifa havikuuliwa na serikali wala na mwekezaji. Sisemi hao hawana nguvu, wanazo, na wapo watu waliolala ndani kwa sababu ya kusema ukweli tu. Lakini vingi vilijimaliza kabla hata ya kuguswa, na ukifuatilia sababu ni ileile kila mahali: watu wanaanza kuamua mambo kwa kuangalia nini kitawafurahisha waliomo, wanamsahau yule ambaye bado yuko nje. Na yule wa nje ndo mnayemhitaji. Nyie ishirini mmeshakubaliana, mkikubaliana tena kesho mtabaki walewale ishirini.

Chukulia kitu kidogo tu, saa ya kikao. Wavuvi wa dagaa wanaingia baharini usiku wa giza, maana mwezi usipokuwepo ndo taa zinavuta dagaa, mbalamwezi ikishakuwa kubwa vyombo vingi vinapumzika na watu wanashinda ufukweni wanashona nyavu. Sasa kikundi kinachosema kinatetea wavuvi kinaitisha kikao Jumamosi saa nne asubuhi kwa sababu ndo muda viongozi wake wana nafasi, mmoja mwalimu, mwingine ana duka lake Ngamiani, na Jumamosi hiyo ni katikati ya giza, wavuvi wameshusha mzigo alfajiri wamelala fofofo. Wanakuja watu ambao hata kafi hawajawahi kushika, wanapitisha maazimio ya wavuvi, halafu wiki inayofuata wanalalamika eti wavuvi hawajitambui. Wanajitambua sana tu, ila walikuwa wamelala baada ya kazi ya usiku kucha. Ulizeni mbalamwezi lini, nendeni mkakae nao palepale wanaposhona nyavu, na kikao kiishe kabla ya adhana. Kina mama wanaokaanga samaki wao muda wao ni mwingine kabisa, saa kumi jioni karai liko motoni na wateja wamesimama, ukiwaita saa hiyo umewaambia wasije.

Halafu kuna grupu la WhatsApp. Grupu lina faida, taarifa ya msiba au ya mtu kukamatwa inafika dakika hiyohiyo. Ubaya wake mle ndani anayesikika ni mwenye maneno makali kuliko wote. Leo mtu akisema jamani twendeni tukaongee na mtendaji anaambiwa kanunuliwa, kesho mwingine akiuliza hela za michango ziko wapi anaitwa pandikizi, na watu makini wanaondoka mmoja mmoja, hawaagi, wanazima tu sauti ya grupu na kuendelea na maisha yao, waliobaki wanasema sasa tumebaki wenyewe wenye msimamo. Mnajiona mmekuwa imara kumbe mmepungua. Nimeona kikundi cha ardhi kikikesha kujadili nani anapeleka siri ofisini, na huku nje vigingi vya mpaka vinapigwa kwenye eneo lenyewe na hakuna hata mmoja aliyekwenda kupiga picha.

Na matusi, jamani. Tanga hii ni ndogo. Yule mwenyekiti wa mtaa mnayemrekodi na kumtukania mama yake ni mjomba wa mtu, kasimamia ndoa ya mtu, kamzika baba wa mtu. Mkishambulia jambo, mfano ushuru umepanda bila watu kuitwa, hata shemeji yake anaweza kusimama na nyie. Mkimshambulia yeye na mamake ukoo mzima unahamia upande wa pili, na waliokuwa wanawasikiliza msikitini wanainama wanavaa viatu vyao wanaondoka. Semeni jambo, tajeni tarehe, tajeni kiasi cha hela. Hasira mnayo na mna haki nayo, ila iwekeni kwenye jambo.

Sasa madai yenyewe. "Tunataka haki zetu" inanoga kuimba, mimi mwenyewe naimba, ila ukiipeleka ofisini afisa anasoma, anasema nimepokea, anaiweka chini ya mafaili na hajakosea chochote kwa sababu hamkumwomba kitu anachoweza kukifanya. Andikeni kitu kinachojibiwa ndiyo au hapana. Ushuru wa ndoo moja ya dagaa ni shilingi ngapi na ni kwa sheria ndogo ipi. Tunaomba risiti kwa kila malipo. Tunaomba mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kuitwa kila miezi mitatu, na watu wengi kabisa mwambao huu kuanzia Moa mpaka Pangani hawajui kwamba huo mkutano ni wao, wanadhani ni hisani ya mwenyekiti. Barua iwe nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na aliyepokea aandike jina, mkae nayo nyie. Mkitaka kuandamana au mkutano wa hadhara, taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya saa 48 kabla, na nakala yake vilevile igongwe muhuri. Kama barua haina muhuri, siku mambo yakiharibika ni sawa na hamkuandika.

Watu weusi wa Montgomery kule Marekani waliposusia mabasi yaliyokuwa yanawatenga kwa rangi, Desemba 1955, madai yao ya mwanzo yalikuwa madogo mpaka wapo waliodhani ni woga: madereva wawe na adabu kwa abiria weusi, viti vijazwe kwa kufuata aliyewahi kupanda, na madereva weusi waajiriwe kwenye njia zinazopita mitaa ya weusi. Basi. Ila nyuma ya hayo madai madogo walipanga usafiri wao wenyewe, magari ya watu binafsi yanapita vituo vinavyojulikana asubuhi na jioni, na wakadumu siku 381, mwisho Mahakama ya Juu ikaona sheria yenyewe ya kutenga viti ni batili. Watu wanakumbuka hotuba za Martin Luther King, na zilikuwa hotuba kweli, lakini mimi huwa naangalia hayo magari. Yule mama aliyekuwa anafanya kazi za ndani ng'ambo ya mji alikuwa na swali moja tu, kesho nitafikaje kazini, na walimjibu. Nyie mnapotangaza kususia soko mmeshamjibu muuza nyanya leo atauzia wapi? Kama hamjamjibu atauza kulekule, na mtamwita msaliti, na yeye ana watoto wa kulisha.

Jambo la kususa lenyewe linahitaji akili ya utulivu maana ndo linalogawa watu kuliko yote. Januari 1958 TANU walikutana Tabora na mzozo ulikuwa mkali. Mkoloni kaleta uchaguzi wa kura tatu, yaani mpiga kura lazima amchague Mwafrika, Muasia na Mzungu, asipofanya hivyo kura yake imeharibika, na wenye ruhusa ya kupiga kura ni wenye elimu au kipato fulani au cheo. Ni dharau ya wazi. Waliotaka kususa walikuwa na hoja na walikuwa wengi, na heshima yote walikuwa nayo mle ukumbini, maana kusema tususe mbele ya wenzako waliokasirika ni rahisi na unapigiwa makofi. Nyerere akawashawishi waingie, hesabu yake ilikuwa kwamba wakikaa nje viti vinachukuliwa na chama cha UTP kilichokuwa kinapendwa na gavana, na safari inarudi nyuma. Wakaingia, wagombea waliosimamishwa na kuungwa mkono na TANU wakashinda, na uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake cha ANC akitaka msimamo usiochanganyika na mtu, na 1962 alipogombea urais akapata chini ya asilimia 2 ya kura. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Ila watu wa kawaida hawakumfuata.

Sasa msichukue Tabora mkasema kususa ni makosa siku zote. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi sana wa upinzani walienguliwa kabla ya kura, na vyama kadhaa vikajitoa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mtu aliyeenguliwa kwa kosa la kuandika kifupisho cha jina la chama nisimlaumu kwa kujitoa, angeshiriki na nini? Ninachosema ni kwamba mkiamua kususa muwe na kazi ya kesho yake asubuhi. Miaka mitano ni mingi, kila muhuri wa mtaa, kila barua ya utambulisho, kila kikao cha ardhi ya kijiji viko mikononi mwa wengine, na mwananchi aliyewaamini nyie anahitaji kujua afanye nini kipindi chote hicho. Akikaa miaka yote bila kusikia kitu kutoka kwenu hatawangoja.

Vijana wengi mnapenda mfano wa Kenya wa Juni 2024, vijana wenzenu walipoandamana kupinga muswada wa fedha wa kuongeza kodi, na mimi nauheshimu sana maana watu walipoteza maisha. Walisema hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila, na lilikuwa jambo la akili kwa sababu hakuna wa kununua na hakuna kichwa cha kukata, na tarehe 26 Juni rais akasema hausaini ule muswada wa fedha. Ushindi mkubwa. Tatizo likaja baada ya hapo: likaulizwa sasa nini, na kila mtu akawa na jibu lake, wengine rais aondoke, wengine bunge livunjwe, wengine turudi nyumbani, na hakuna aliyetumwa na wenzake kusema hili ndilo tunalolitaka na hili tunaliacha. Desemba mwaka uleule baadhi ya mambo ya kodi yakarudi kupitia sheria nyingine zilizosainiwa, na barabarani hakukuwa na umati ule tena. Kwahiyo kama mnaogopa kiongozi mmoja, na mna sababu ya kuogopa, wekeni wasemaji watatu wa zamu wenye maagizo ya maandishi: mnaruhusiwa kukubali hili, hili lazima mrudi kutuuliza. Mkikosa hata hilo, anayewasemea anakuwa yule mwenye wafuasi wengi TikTok, na huyo hamkumchagua na hamwezi kumtoa.

Kuhusu kupata watu, nawaomba sana mumwangalie Bibi Titi Mohamed. 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU hakuanza kwa kuunda matawi mapya na kuwasubiri waje. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, akaenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, watu ambao tayari wana wafuasi, tayari wanakutana, tayari wanachangishana harusini na misibani, na kwa miezi michache wakaingia kwa maelfu. Hapa Tanga hivyo vikundi mnavyo. Vikoba mnavyo, madrasa, vyama vya bodaboda na bajaji, kina mama wa maulidi, timu za mpira za mtaani. Msiwaambie waache vyao waje kwenye chenu. Ombeni dakika kumi kwenye chao.

La hela nitasema kwa ufupi lakini ndo limeua vingi. Posho ya mradi ikiingia kwenye kikao cha wananchi, siku mradi ukiisha hakuna anayekuja tena, na hili mwambao wetu tumeliona kwenye vikundi vya kulinda bahari, watu walewale waliokuwa wanafukuza wapiga baruti kwa hiari yao wakazoeshwa mafuta ya boti na posho ya doria, hela ilipokata na doria ikakata. Changishaneni wenyewe hata mia tano, na kila kikao mweka hazina asome kilichoingia na kilichotoka kabla ya ajenda nyingine yoyote, hata kama ni elfu nne na vocha moja. Asiwe ndugu wa mwenyekiti.

Na mkishinda kitu kidogo msikibeze. Nawajua watu ambao ushuru ukishushwa kidogo wanasema hiyo ni hongo, tunataka ufutwe wote, na wanaona aibu hata kuwatangazia wenzao. Yule mchuuzi aliyekuwa anawaangalia kwa mbali ndo ushindi wake huo, ndo ushahidi wa kwanza kwamba kuungana na nyie kunalipa. Andikeni bei mpya kwenye ubao pale pale mzigo unaposhuka, pamoja na tarehe na namba ya barua mliyojibiwa, muandikishe majina ya wapya siku hiyohiyo, halafu ndo mpange dai linalofuata.

Wanaotaka nisaidie kuandika barua ya kwanza nipo, ila njooni na nakala ya sheria ndogo ya ushuru ya halmashauri yenu, maana bila hiyo hatujui hata tunapinga kiasi gani.