Leseni ya kusafirisha risasi isipohuishwa wala kukataliwa

Ndugu mleta mada ameuliza kama kampuni yake, ambayo leseni yake ya kusafirisha risasi za kuwindia imeisha huku maombi ya kuihuisha hayajajibiwa kwa lolote, inaweza kwenda mahakamani. Inaweza, ila atasikilizwa kwa kadiri jalada lake lilivyo.

Niliwahi kuwa karani wa kampuni ya namna hiyo, ofisi zetu zikiwa Upanga, Dar es Salaam. Tulipeleka maombi mapema, tukaambiwa tusubiri, tukasubiri hadi leseni ikaisha. Wakili alipokuja hakuanza na vifungu vya sheria. Alifungua jalada, akaigeuza barua yetu mbele na nyuma, akauliza iko wapi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Haikuwepo. Aliyeipeleka barua ile ni mimi, na niliiacha kaunta nikawahi daladala.

Uzembe huo ulitugharimu, kwa sababu Mahakama Kuu ilikwishaeleza mwaka 1986, katika shauri la John Mwombeki Byombalirwa dhidi ya wakuu wa mkoa na polisi wa Bukoba, kwamba anayeomba amri ya kuilazimisha mamlaka itimize wajibu wake sharti aonyeshe kuwa aliudai wajibu huo na akanyimwa. Ikabidi tuandike upya, tukitaja siku ya mwisho ya kujibiwa, na safari hii sikuondoka kaunta bila sahihi na tarehe kwenye kitabu cha barua. Kanuni za mapitio ya mahakama (yaani mahakama kuchunguza kitendo au ukimya wa mamlaka) za mwaka 2014 zinataka kibali cha kufungua maombi kiombwe ndani ya miezi sita tangu kitendo, au kutotenda, kunakolalamikiwa, na kibali kikitoka maombi yenyewe yafunguliwe ndani ya siku 14. Wengi huimaliza miezi hiyo kwa simu na "njoo wiki ijayo".

Tena asitarajie jaji ampe leseni. Amri hiyo huilazimisha mamlaka iamue, si lazima iamue anavyotaka yeye. Sisi tulijibiwa kabla hatujafungua chochote: fomu yetu ilikuwa na namba ya gari tulilokwisha kuliuza. Sababu hiyo ingesemwa siku ya kwanza tungeirekebisha kwa nusu saa, lakini kosa, nakiri, lilikuwa letu.

Katika kusubiri huko gari lisitembee na mzigo hata kwa safari fupi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ni kali, na maombi yanayosubiri majibu hayasimami badala ya leseni. Makasha yetu tuliyakabidhi polisi kwa hati ya makabidhiano, na leseni mpya ilipotoka tuliyahesabu moja moja mbele ya askari, kwa orodha ile ile.